Wakati wa Ukame Usiache Shamba



Usiku wa Pasaka makanisa yetu hujaa hata watu wengine husimama nje penye madirisha. Nyimbo huvuma, mishumaa huwaka, na watu wazima waliobatizwa usiku ule mtakatifu hurudi nyumbani nyuso zao ziking'aa kwa furaha. Kisha juma hupita, na mwezi hupita. Yule aliyetokwa na machozi alipomwagiwa maji ya ubatizo hupiga magoti asubuhi moja kando ya kitanda chake, naye haoni kitu moyoni. Maneno ya sala yamtoka kinywani kana kwamba ni ya mtu mwingine. Misa aiona ndefu. Rozari yamletea usingizi. Ndipo sauti ndogo huanza kumnong'oneza: Labda yale yote yalikuwa ndoto, labda Mungu amekuacha, labda hukuamini tangu mwanzo.

Majaribu hayo si ya wakristo wapya peke yao. Humpata mama aliyefunga ndoa takatifu miaka ishirini iliyopita. Humpata mtawa katika konventi yake, na katekista mbele ya wanafunzi wake, na padri altareni. Wengi wapatwao nayo hawaendi kuuliza neno kwa mtu yeyote. Huacha tu. Leo huacha sala ya jioni, mwezi ujao huacha maungamo, na mwaka ujao huonekana kanisani siku za arusi na mazishi tu. Wengine huanza kutangatanga, wakitafuta mahali penye kelele zaidi na maajabu zaidi, ili moyo upate kuchemka tena kama siku ile ya kwanza. Hivyo nyumba nyingi za kikristo hubomoka, wala si kwa sababu ya mateso au ya dhambi kubwa, bali kwa sababu mtu alidhani kwamba imani yake imekufa, kumbe ilikuwa imeingia katika kiangazi chake.

Kwa hiyo twataka leo kusema jambo moja, na kulisema waziwazi. Furaha ya moyo katika sala ni zawadi ya Mungu, lakini siyo kipimo cha upendo wetu kwake. Na siku zawadi hiyo ikiondolewa, mkristo asigeuze hata moja katika yale aliyomwahidi Mungu alipokuwa katika mwanga.

MASIKA NA KIANGAZI

Mkulima wa kwetu ajua majira. Masika ikinyesha, kila kitu huota, hata majani yasiyopandwa na mtu. Kiangazi kikifika, ardhi hupasuka, na mbuzi hutafuta majani makavu njiani. Lakini ni mkulima gani asimamaye katika shamba lake wakati wa kiangazi na kusema kwamba mvua ilikuwa uongo? Ajua kwamba mvua ilikuwa ya kweli, naye ajua kwamba itarudi. Kwa hiyo hutengeneza ghala, husafisha shamba, hunoa jembe na kuchagua mbegu. Tena mtazameni mwembe. Mti huo hauchanui wakati wa mvua nyingi, bali huchanua wakati wa ukavu, mizizi yake ikiwa imeshuka chini mahali ambapo jua halifiki. Anayetaka kula maembe hawezi kukichukia kiangazi.

Tutwae mfano mwingine wa nyumbani. Mama aamkaye usiku wa manane mara tatu ili kumtazama mtoto wake mwenye homa, je, huona utamu wowote moyoni? Macho yamwuma, mwili umechoka, pengine moyoni mwake mna manung'uniko kidogo. Lakini ni nani athubutuye kusema kwamba hampendi mtoto? Twajua sote kwamba saa ile ampenda kuliko alipokuwa akimchezesha mapajani mchana. Upendo hukaa katika utashi, yaani katika ile nguvu ya roho ichaguayo na kushika neno lake. Hisia huja na kwenda kama upepo. Mtu aweza kulia kwa furaha kanisani na kesho yake kumdhulumu jirani yake. Na mtu aweza kusali kwa moyo mkavu kama jiwe, kisha akaondoka kwenda kumsamehe adui yake. Katika hao wawili, ni yupi aliyesali vema?

MANABII NA MITUME WALIPITA NJIA HIYO

Someni katika Maandiko Matakatifu habari za nabii Eliya. Juu ya mlima Karmeli alimwomba Mungu, na moto ukashuka mbele ya watu wote, ukateketeza sadaka. Ni siku gani iliyokuwa kuu kuliko hiyo? Lakini mara baadaye Malkia Yezebeli aliapa kumwua, na nabii yule shujaa akakimbia jangwani, akaketi chini ya mti mdogo, akaomba afe. Tazameni alivyotendewa na Mungu. Hakukemewa. Aliachwa alale, kisha malaika akamwamsha na kumpa mkate na maji, mara ya kwanza na mara ya pili, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu. Kwa nguvu za chakula kile alitembea siku arobaini, mchana na usiku, mpaka mlima Horebu. Na huko Mungu hakumjia katika upepo mkali, wala katika tetemeko la nchi, wala katika moto, bali katika sauti ndogo ya utulivu. Yule aliyekuwa ameuona moto wa Karmeli ilimpasa kujifunza kwamba Mungu yuko hata pasipo moto.

Mtakatifu Petro naye, alipomwona Bwana aking'aa juu ya mlima, alitaka kujenga vibanda vitatu na kukaa kule kule. Bwana hakukubali. Aliwashusha mitume wake mpaka bondeni, ambako mtoto mgonjwa na baba yake mwenye huzuni walikuwa wakingoja. Na wale watatu walioona utukufu wake mlimani, Petro, Yakobo na Yohane, ndio aliowachukua karibu naye katika bustani ya Getsemani, nao wakasinzia.

Katika bustani ile tumtazame Mkombozi wetu mwenyewe. Alihuzunika karibu kufa. Hakuna aliyemfariji katika rafiki zake. Naye alifanya nini? Mtakatifu Mateo atuambia kwamba alikwenda kusali mara ya tatu kwa maneno yale yale. Mwana wa Mungu, ambaye angaliweza kusema maneno elfu, alirudia maneno yale yale. Basi mkristo asione haya sala yake ikiwa maskini, ikiwa na neno moja tu lirudiwalo. Sala ya namna hiyo Bwana wetu aliisali kabla yetu.

FUNDISHO LA ASKARI

Mtakatifu Inyasi wa Loyola alikuwa askari wa Hispania. Mwaka 1521, Wafaransa walipoushambulia mji wa Pamplona, risasi ya mzinga ilimvunja mguu. Alipokuwa akiuguzwa nyumbani kwao aliomba vitabu vya hadithi za mashujaa, lakini havikupatikana. Akapewa maisha ya Kristo na maisha ya watakatifu. Akiwa amelala kitandani aliona jambo la ajabu. Alipowaza utukufu wa dunia alifurahi, lakini baadaye moyo ulibaki mtupu. Alipowaza kuwafuata watakatifu alifurahi, na furaha ile ilibaki hata mawazo yenyewe yalipokwisha kupita. Hivyo alianza kujifunza jinsi Mungu asemavyo rohoni mwa mtu, na jinsi adui naye ajaribuvyo kusema.

Lakini shule yake kubwa ilikuwa Manresa, alikofika mwaka 1522. Kwanza alikaa huko katika furaha tupu. Kisha giza likamwangukia. Dhambi alizokwisha kuungama zilimrudia na kumsumbua mchana na usiku, hata akajaribiwa kujiua. Katika taabu hiyo yote hakuacha saa zake za sala. Baadaye mwanga ulirudi, naye akaandika aliyojifunza katika kitabu kiitwacho Mazoezi ya Kiroho, ambacho Baba Mtakatifu Paulo III alikithibitisha mwaka 1548, na ambacho hata leo chatumika katika mafungo ulimwenguni kote.

Katika kitabu hicho Mtakatifu Inyasi aweka sheria ambayo kila nyumba ya kikristo yafaa kuijua: wakati wa ukiwa wa roho usibadili neno, bali simama imara katika maazimio uliyokuwa nayo kabla ya ukiwa kuja. Sababu yake ni rahisi. Wakati wa mwanga ni Roho Mwema atuongozaye zaidi. Wakati wa giza adui hupenda kutushauri. Nani atakaye shauri la adui yake? Msafiri aliyejua njia mchana, usiku ukimkuta haanzi kukata njia mpya porini kwa sababu haioni tena ile ya zamani. Hushika ile ile, polepole, mpaka kupambazuke.

Mtakatifu huyo afundisha tena kwamba ukavu wa roho una asili tatu. Asili ya kwanza yaweza kuwa uvivu wetu wenyewe: tumelegea katika sala, tumezoea dhambi ndogo ndogo, nayo bandu bandu huisha gogo. Asili ya pili ni kwamba Mungu ataka kutujaribu, ili ionekane kama twamtumikia yeye au twatumikia mshahara wa faraja zake. Asili ya tatu ni kwamba ataka tujue hakika kuwa faraja si mali yetu. Hatuwezi kuitengeneza kwa nguvu zetu, wala kujivunia kana kwamba tumeistahili. Basi moyo ukikauka, mkristo ajichunguze kwanza. Akiona kosa, na aende kuungama. Asipoona kosa, asijitafutie makosa ya kubuni, bali asubiri kwa utulivu.

Tuongeze neno moja kwa ajili ya wasomaji wetu. Mwanadamu ni roho na mwili. Mtu asiyelala, aliyechoka kwa kazi, aliyefiwa, mama aliyejifungua karibuni, aweza kuona giza ambalo asili yake ni mwili zaidi kuliko roho. Eliya alipewa kwanza usingizi na chakula. Tena huzuni ikikaa majuma mengi, ikamnyima mtu usingizi na hamu ya kula, au ikamletea mawazo ya kujiua, na aende kwa padri wake, na aende pia kwa daktari, tena upesi. Kumwona daktari si upungufu wa imani. Mungu ndiye aliyeumba dawa na akili za waganga.

WATEULE WALIOISHI GIZANI

Wako watu ambao ukavu wao haukuwa wa juma wala wa mwezi. Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu aliingia konventi ya Karmeli huko Lisieux, Ufaransa, mwaka 1888, akiwa na umri wa miaka 15. Katika siku za Pasaka ya mwaka 1896, giza kubwa lilimfunika juu ya habari ya mbinguni, kana kwamba ukuta ulikuwa umesimamishwa kati yake na nchi ile aliyoitamani tangu utoto. Giza hilo halikumwacha mpaka alipokufa kwa kifua kikuu tarehe 30 Septemba 1897, akiwa na umri wa miaka 24. Alifanya nini katika muda huo? Aliandika Nasadiki kwa damu yake mwenyewe, akaichukua karatasi ile juu ya moyo wake. Hakuona, lakini alisadiki. Aliwatumikia wenzake kwa tabasamu. Na binti huyo, ambaye hakutoka tena katika konventi yake, ndiye aliyewekwa na Baba Mtakatifu Pio XI mwaka 1927 kuwa msimamizi wa misioni zote, pamoja na Mtakatifu Fransisko Ksaveri.

Katika siku zetu, Mama Teresa wa Calcutta alifariki mwaka 1997, akijulikana ulimwenguni kote kwa furaha yake na kwa huduma yake kwa maskini wanaokufa njiani. Barua zake kwa washauri wake wa roho zilipochapishwa mwaka 2007, watu wengi walishangaa. Mwaka 1946, akiwa katika treni kwenda Darjeeling, alikuwa ameisikia sauti ya Bwana ikimwita kwa upendo mkubwa. Lakini alipokwisha kuanza kazi ile, utamu ule ulimwacha, akaishi katika giza la moyo karibu miaka hamsini, isipokuwa nafasi fupi. Wengine walisema: Kumbe hakuwa na imani. Kanisa halikuona hivyo. Tarehe 4 Septemba 2016 Baba Mtakatifu Fransisko alimtangaza kuwa mtakatifu. Kwa maana kila asubuhi mapema alikuwa amepiga magoti mbele ya Ekaristi, na kila siku alikuwa ameinama juu ya wagonjwa. Kama angalingoja moyo upate moto kwanza, wangapi wangalikufa pasipo mkono wa kuwashika?

BABA ZETU WA UGANDA

Pengine msomaji atasema: Hao walikuwa watawa, wenye kengele ya kuwaamsha na wenzao wa kuwategemeza. Mimi ni mtu wa shamba, mtu wa duka, mtu wa ofisi. Basi tuwatazame watu wa kwetu, upande wa pili wa ziwa Nyanza.

Mwezi wa Februari mwaka 1879, Padri Simeoni Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, alifika Entebbe pamoja na Bruda Amans, wote wawili wa shirika la Mapadre Weupe. Watu walianza kusoma dini kwa bidii kubwa. Mwaka 1882 walibatizwa Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtumishi wa jumba la Kabaka, na Andrea Kaggwa, na Matia Mulumba Kalemba. Fikirini furaha ya siku zile! Lakini mwezi wa Novemba mwaka ule ule, hatari ilipozidi, mapadre wote waliondoka Uganda wakavuka ziwa mpaka Bukumbi, karibu na Mwanza. Wakristo wale walikuwa wamebatizwa miezi michache tu iliyopita. Wakabaki bila padri.

Wakabaki hivyo mpaka Julai 1885, yaani miaka miwili na miezi minane. Hapakuwa na Misa. Hapakuwa na maungamo, wala Komunyo, wala mpako wa wagonjwa. Hapakuwa na sikukuu zenye nyimbo na ubani. Walinyimwa karibu kila kitu ambacho sisi twakitegemea ili mioyo yetu ipate moto. Mtu wa akili ya dunia angalisema kwamba mbegu ile ndogo itakauka kabla ya mwaka kwisha.

Haikukauka. Yosefu Mukasa aliwakusanya vijana wa jumbani na kuwafundisha. Matia Kalemba aliwafundisha watu huko Mityana. Walishika sala zile walizofundishwa, zile zile, kila siku. Mapadre waliporudi, baada ya Kabaka Mutesa kufa na Mwanga kutawala, hawakukuta majivu. Walikuta kundi limeongezeka, na wakatekumeni wengi wakingoja ubatizo.

Nao walirudi kwa wakati. Tarehe 15 Novemba 1885 Yosefu Mukasa aliuawa, kwa kuwa alithubutu kumwonya Kabaka Mwanga juu ya kuuawa kwa Askofu Hannington wa Kianglikana, na kwa kuwa aliwalinda vijana wa jumbani wasiharibiwe. Mwezi wa Mei 1886 walimfuata Andrea Kaggwa na Matia Kalemba, na tarehe 3 Juni Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo. Baba Mtakatifu Paulo VI aliwatangaza mashahidi hao 22 kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964.

Sisi husimulia sana habari ya moto wa Namugongo, na ni haki. Lakini tusisahau ile miaka ya ukimya iliyotangulia. Ushahidi wa siku moja ulitayarishwa na uaminifu wa siku karibu elfu moja ambazo hakuna aliyezipigia makofi. Mtu asiyeweza kusali Baba Yetu jioni ya siku kavu, atapata wapi nguvu ya kumkiri Kristo siku ya moto?

MASHAURI KWA NYUMBA YA KIKRISTO

Wapenzi wetu, tufanye nini basi?

Kwanza, tusigeuze neno wakati wa giza. Ikiwa nyumba yenu iliahidi kusali pamoja kila jioni, salini kila jioni. Ikiwa uliahidi kuungama kila mwezi, nenda kila mwezi. Usiseme: Sitakwenda Misa leo kwa sababu sina moyo, nisije nikawa mnafiki. Mnafiki ni yule ajionyeshaye kwa watu kuwa alivyo sivyo. Aendaye kwa Mungu na kumwambia, Bwana, moyo wangu ni mkavu, lakini nimekuja, huyo si mnafiki. Asema kweli tupu.

Pili, tuongeze kidogo. Mtakatifu Inyasi ashauri kwamba mtu akijaribiwa kuifupisha sala yake, na airefushe kidogo kupita kipimo chake. Si lazima iwe saa nzima. Salamu Maria moja zaidi yatosha kumwonyesha adui kwamba hapati faida.

Tatu, maneno yako yakikwisha, tumia maneno ya Kanisa. Ndiyo sababu tumepewa Baba Yetu, na Zaburi, na Rozari, na sala za Misa. Katika Zaburi mmo vilio vya kila namna, hata vya watu waliojiona wameachwa na Mungu. Maneno hayo yalitumiwa na mababu waliolia kabla yetu, nayo yatatuchukua kama mtumbwi umchukuavyo mtu asiyejua kuogelea.

Nne, tusifiche. Adui hupenda siri. Mweleze padri wako, au mshauri mwema anayeijua njia ya roho. Nanyi mnaoishi na mtu aliye katika giza, msimlaumu. Mume asimwambie mkewe: Tazama, umekuwa baridi. Na ashike rozari, aanze, naye mkewe atafuata awezavyo. Neema ya nyumba ni hiyo, kwamba mmoja aliyechoka huchukuliwa na wengine. Watoto nao watazame. Mtoto aonaye baba yake amerudi kutoka kazini amechoka, hana furaha, na bado apiga magoti, amejifunza katekisimu ambayo haimo katika kitabu chochote.

Tano, tutumie vema wakati wa furaha. Maana tusije tukadharau faraja. Tukipewa, tumshukuru Mungu kama watoto. Lakini siku hiyo tujinyenyekeze, tukikumbuka jinsi tulivyo wanyonge pasipo yeye. Tena tusifunge nadhiri wala kutoa ahadi kubwa kwa haraka katika joto la moyo, kama yule kijana atokaye katika mafungo na kuahidi kufunga kila siku, na baada ya juma ameacha hata sala ya asubuhi. Heri ahadi ndogo ishikwayo mwaka mzima. Siku za faraja ni siku za kujaza ghala. Anayecheza ngoma masika yote atalala njaa kiangazi.

Nanyi mliokwisha kuacha, mnaosoma maneno haya nyumbani kwa jamaa au katika gazeti lililofungiwa sukari, msidhani kwamba ni lazima kwanza moyo uwake moto ndipo mrudi. Rudini mkiwa baridi. Moto si wajibu wenu. Wajibu wenu ni kufika. Mlango wa kiti cha maungamo hauulizi mtu kama amelia machozi, huuliza tu kama ametubu na kutaka kuanza tena.

Jumapili ijayo kengele italia kama kawaida. Wengine watakwenda wakiimba njiani, na wengine watakwenda wakiburuta miguu. Altareni Bwana yule yule atashuka kwa ajili ya wote, katika maumbo ya mkate na divai, asionekane wala asisikike, naye yupo kweli. Kama yeye akubali kufichika hivyo kwa ajili yetu, na sisi tukubali kumtafuta katika giza kidogo kwa ajili yake.

Mama yetu Bikira Maria, aliyesimama chini ya msalaba wakati wengine walipokimbia, atuombee. Mashahidi watakatifu wa Uganda, mliodumu bila padri na bila Misa, mtuombee udumifu mpaka mwisho. Amina.